Ubovu Usiopiga Kelele

Baba yangu aliendesha lori la chama cha ushirika cha kahawa tangu kabla sijazaliwa mpaka macho yalipoanza kumpa taabu, na nyumbani kwetu Chaka hakuna aliyethubutu kuongea injini ikiwa inanguruma. Baba alikuwa akiinamisha kichwa na kusikiliza. Ndiyo maana siku nilipomletea gari langu la kwanza uani, kigari kidogo cha rangi ya fedha kilichotumika Japani miaka mingi kabla ya kuja kwetu, sikumwonyesha viti wala redio. Niliwasha injini nikanyamaza.

"Tuzunguke nalo kidogo, maitu," akasema. Aliniita maitu, mama yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyerithi jina la mama yake.

Tuliteremka hadi karibu na Kiganjo tukarudi. Baba alikaa mbele, kofia magotini, sikio limeelekea dirishani. Tulipofika nyumbani alinitajia maradhi ya gari moja baada ya jingine: bushi za mbele zimekwisha, shokabsoba ya kushoto imekufa, giaboksi inasitasita kwenye mlima, na maji ya injini yanavuja mahali, lazima patafutwe.

"Lakini usiogope," akasema. "Hivyo vyote vinapiga kelele. Gari likipiga kelele halijakukusudia mabaya."

Fundi wangu wa Nyeri alivikuta vyote kama Baba alivyosema. Tukavitengeneza polepole, na dirisha moja la nyuma ambalo halikupanda vizuri nikaamua kuishi nalo. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili pale mjini. Kila Baba alipokuwa na kliniki ya sukari na presha, nilimfuata Chaka asubuhi, nikamleta hospitalini Nyeri, nikamrudisha jioni. Miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi na hakuweza tena kupanda magari ya abiria. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kwenye kile kiti cha mbele aliongea. Alinionyesha mahali lori lake lilipokwama kwenye matope akalala humo na mzigo. Alinifundisha kona. "Punguza. Punguza tena. Sasa kamata." Nikipita lori vizuri aliguna kidogo, na mguno ule ulinitosha siku nzima.

Shuleni kulikuwa na mwalimu mwenzangu, mwanamke wa rika langu anayefundisha Kemia, aliyekuwa na gari la aina ile ile, lake la rangi ya damu ya mzee. Tuliyaegesha pamoja chini ya misonobari, na wanafunzi waliyaita mapacha. Tulikuwa tukiulizana habari za magari kama wanavyoulizana wazazi: lako limekunywa mafuta kiasi gani, lako limeacha kutetemeka?

Ijumaa moja mchana alikuwa akienda kumwona mama yake Murang'a. Mbele yake palikuwa na pikapu iliyobeba ndizi. Pikapu ikasimama ghafla, naye akakanyaga breki, lakini hakuwahi. Aliigusa nyuma. Mume wake alinieleza habari hiyo kwenye ukumbi wa hospitali, akiwa amesimama kwa sababu hakuweza kukaa.

"Mwalimu, niliiona gari kwa macho yangu," akasema. "Haikuumia. Taa moja tu na bampa. Zile ndizi hata chane moja haikuanguka. Sasa niambie, mtu anapotezaje jicho hapo?"

 Nilipoingia wodini nilimkuta mwenzangu amefungwa bendeji upande mmoja mzima wa kichwa, na chini ya taya palikuwa na mstari mrefu wa nyuzi. Hakuweza kuongea. Alinishika kidole akakishikilia. Daktari alikuwa amemtoa vipande vya chuma, na mwanzoni alidhani ni vya pikapu. Baadaye wakaangalia gari na kuona vilitoka wapi: katikati ya usukani, mahali pa honi, ndani ya ule mfuko wa hewa unaofura gari likigongwa ili kumkinga dereva. Nyuma ya mfuko huo kuna kikopo cha chuma chenye unga unaolipuka. Unga ukikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika. Siku ya kugongwa unalipuka kupita kiasi, kikopo kinapasuka, na chuma kinaruka usoni pa yule yule ambaye kiliwekwa kumwokoa.

Haya niliyasoma kwenye simu wiki iliyofuata, nimekaa ndani ya gari langu pale chini ya misonobari, pembeni mwa nafasi tupu. Kampuni iliyounda magari ya aina yetu ilikuwa imetangaza zamani kwamba yarudishwe yakabadilishwe kikopo, bila malipo. Niliingiza namba ya chesi kwenye ukurasa wa Kijapani, nikaiacha simu initafsirie. Jibu lilikuwa fupi. Gari hili limeitwa lirudishwe. Mbele kulia na mbele kushoto. Kazi haijafanywa.

Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani. Niliiondoa taratibu nikashuka.

Nilikwenda kwenye ofisi ya wanaouza magari mapya ya kampuni hiyo. Msichana wa mapokezi alikuwa mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, hii haikupitia kwetu," akasema. "Hii ilijileta. Lakini nitaandikisha namba yake, spea zikikuja tukupigie."

"Lini?"

"Siwezi nikakudanganya."

"Na kwa sasa nifanye nini?"

Aliangalia mlango wa mkubwa wake, akashusha sauti. "Kwa sasa, madam, usigonge."

Fundi wangu nilimwomba aving'oe tu hivyo vikopo. Alifuta mikono, akaangalia usukani, kisha akaniangalia mimi. "Kwa hii gari naweza kukufungulia kila kitu. Hiyo sigusi. Ikinilipukia kwa uso, watoto wangu utawalea wewe?" Sikumlaumu. Nikafikiria kuliuza. Lakini ningemuuzia nani? Yeyote ambaye angelinunua angekaa pale pale nilipokaa, na mtu wake angekaa pale alipokaa Baba. Kuliacha limesimama nako kulimaanisha Baba akose kliniki. Basi nikaendelea kuendesha, kiti nimekisukuma nyuma kabisa, mikono imenyooka kama mtu anayesukuma mlango.

Baba nilimwambia jikoni kwake. Alicheka.

"Kitu kilichowekwa kuokoa mtu kitamuuaje mtu?"

Nikamweleza habari ya mwenzangu. Akaacha kucheka, akachukua fimbo yake akatoka hadi kwenye gari. Alikaa mbele, akaniambia niwashe, nizime, niwashe tena. Aliinama akaweka sikio kwenye dashibodi mbele yake, pale mfuko wa abiria ulipofichwa. Alikaa hivyo muda mrefu, mzee wa watu, shavu limebanwa kwenye plastiki.

"Sisikii kitu," akasema.

"Hauna sauti, Baba. Ubovu huu haupigi kelele."

"Basi haupo."

Nilimwomba akae nyuma, angalau mpaka spea zije. Akakasirika kama sijawahi kumwona. "Mimi nimebeba watu maisha yangu yote. Sijabebwa nyuma kama gunia, na sitaanza na wewe."  Kwetu mtu habishani na baba yake uani, majirani wakisikia.

Kwa hiyo tulienda hivyo, yeye mbele, mimi pembeni mwake. Kila gari lililopunguza mwendo mbele yetu nililiona kama pikapu ya ndizi. Nilianza kuendesha vibaya. Niliacha nafasi kubwa mno, wenye haraka wakaingia hapo katikati, nami nikakanyaga breki upya. Baba aliendelea kusema "kamata, kamata," na mimi sikukamata.

Siku ya soko Chaka, tukitoka Nyeri, mkokoteni wa punda ulichomoza kutoka njia ya kando. Haukuwa karibu sana. Dereva yeyote angeukwepa, na mimi mwenyewe nilishakwepa makubwa kuliko hayo. Nilikanyaga breki, halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui mwili wangu uliamua lini. Niliachilia usukani. Mkono wa kushoto nikamfunika Baba uso, wa kulia nikajishika shingo, nikafumba macho.

Gari lilijiendea. Likatoka kwenye lami, likateremka kwenye majani, likaegemea ukingo wa mtaro likazimika. Hakuna kilicholipuka. Punda alikuwa amesimama barabarani anatutazama. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi alikuja mbio akipiga kelele, "Mko sawa? Mzee yuko sawa?"

Nilifumbua macho. Kiganja changu kilikuwa bado usoni pa Baba. Aliutoa mkono wangu polepole, akauweka kwenye paja langu.

"Umeachilia usukani," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo. Alisema kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba na anairudia ili aielewe. Gari lilipokuwa likirudishwa barabarani na vijana wa sokoni, alisimama kando na fimbo yake. Gari liliposimama sawasawa alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia, akakaa. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amegeukia nje.

Tangu siku hiyo alikaa nyuma. Nilikuwa nimepata nililolitaka, na safari zetu zikafa. Hakuonyesha tena mahali popote, wala hakuniambia punguza au kamata. Hata giaboksi iliposita alinyamaza, nami nikijua kwamba ameisikia.

Mwenzangu alirudi shuleni muhula uliofuata. Alivaa miwani myeusi, na wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao hawakumjua kabla walimwogopa. Gari lake lilikuwa limebaki Murang'a nyuma ya nyumba ya mama yake, chini ya turubai. Siku moja tulikaa kwenye ngazi za maabara tukinywa chai.

"Bado unaliendesha?" akauliza.

"Naliendesha."

"Na mzee?"

"Anakaa nyuma."

Alitikisa kichwa taratibu. Baadaye akasema, "Mimi nilikuwa nimefunga mkanda. Nilikuwa naenda polepole. Kila nikilala natafuta nilipokosea ili nisirudie, na sipati. Hicho ndicho kinachonimaliza." Aliulizia pia wa kumshtaki. Walioliunda wako mbali, aliyeliagiza alishafunga biashara, na aliyemuuzia alikuwa mwalimu kama sisi, aliyelitumia miaka bila kujua amekalia nini.

Nikaanza kuyaona magari hayo kila mahali. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani: nje ya kanisa, stendi ya Karatina, mlangoni mwa hospitali. Wakati mmoja nilikuwa Nanyuki, kwenye maegesho ya duka kubwa, nikaliona moja la bluu. Mwanamke alikuwa amekaa mbele upande wa abiria, mtoto mchanga mapajani. Nilijaribu kupita. Sikuweza. Niligonga kioo chake nikaanza kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia naongea kama tapeli.

"Ati gari yangu iko na nini?" akasema. "Wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Nakuomba tu ukae nyuma na mtoto."

Alipandisha kioo. Askari wa duka akaja akanishika kiwiko kwa adabu. "Madam, wacha wateja." Nilikwenda nikakaa ndani ya gari langu mpaka yule mwanamke na mtoto wake walipoondoka. Walipita mbele yangu. Alinikodolea macho, akambana mtoto kifuani.

Simu kutoka ile ofisi ilikuja nilipokuwa nimeshaacha kuitazamia. Kikopo cha upande wa dereva kilikuwa kimefika. Wakakibadilisha, na cha upande wa abiria wakasema kiko njiani. Nikaendesha miezi mingine nikiwa salama mimi peke yangu, jambo lililonipa aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Cha pili nacho kikaja. Kazi yenyewe iliisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Fundi wao alibeba kile cha zamani kwa mikono miwili, kifua amekirudisha nyuma, akapotea nacho nyuma ya jengo. Kilikuwa kidogo. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi.

Asubuhi ya kliniki iliyofuata niliwahi Chaka. Nilikuwa nimefuta kiti cha mbele, nimekirudisha nyuma ili miguu ya Baba ipate nafasi. Nilimfungulia mlango.

"Wamebadilisha, Baba. Vyote viwili. Unaweza kukaa mbele."

Alisimama ameegemea fimbo, akakiangalia kiti. Nilidhani anasubiri nimshike mkono. Kisha akanizunguka, akafungua mlango wa nyuma.

"Baba, nimekwambia ni salama sasa."

"Nimesikia. Sina shida na gari, maitu." Alikuwa akihangaika kuingiza mguu wa pili, nikainama kumsaidia. "Nikikaa pale naona mikono yako. Sitaki kuitazama tena."

Nilifunga mlango wake, nikaufunga na ule wa mbele, nikazunguka nikakaa kwenye usukani. Alikuwa ameshafunga mkanda. Tukaenda Nyeri, presha yake ikawa juu kidogo, daktari akamwongezea dawa.