Kambi ya Uholanzi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda Makutupora kununua zabibu, narudi nimechoka kama niliyezilima. Kwa hiyo binti yetu alipopata ujauzito wa kwanza huko Ujerumani aliko na mumewe, na ikaamuliwa kwamba mimi ndiye nitakayekwenda kumkanda na kumpikia uji wa uwele, mume wangu alicheka hadi akaegemea mlango wa karakana yake pale Kizota. Alisema mtu anayepotea stendi akienda Ulaya afungwe kengele shingoni.

Viza ilikuwa imeshatoka. Kilichobaki ni tiketi na mahali pa kufikia, na hapo ndipo nilipojifanya jemadari. Mdogo wangu anaishi Uholanzi. Mpango wangu ulikuwa nifikie kwake, niweke kambi, nizoee baridi kidogo kidogo kama mtu anayeingiza mguu kwenye beseni la maji, halafu siku za binti zikikaribia nipande treni kwenda kwake. Muda ulikuwepo. Mwezi wa kujifungua aliniambia mwenyewe, na ulikuwa mbali.

Ila kila nikimweleza binti mpango huo kwenye simu, alikuwa anapoa. Aliuliza kwa nini nisiende kwake moja kwa moja. Nikasema nikikaa muda wote huo nitamchosha mkwe. Akaniuliza habari za mvua. Nikahisi labda huyo mkwe ndiye hanitaki, nikaanza kununa chini chini.

Siku ya kukata tiketi tulikwenda mjini mimi na mume wangu. Dada wa ofisi ya tiketi alikuwa ametushikia nafasi ya kwenda Uholanzi, na alituonya kwamba tusipolipa kabla ya adhuhuri, wanapewa wengine. Nilipomwomba aitazame tena ile njia, maana kubadilisha ndege kulinitisha, mume wangu akamwambia, "Mvumilie tu, dada. Huyu kutoka Area D kuja hapa ameamka alfajiri kujiandaa."

Nikampigia binti anitajie stesheni nitakayoshukia, nikaweka spika ili dada aandike. Akanisalimu, nikaitikia, nikamwambia tunalipa sasa hivi. Nilisikia pumzi zake, fupi fupi, za mtu aliyepanda ngazi.

"Mama, toa spika."

Nikatoa. Mume wangu akaacha kuchezea funguo.

"Ule mwezi niliokuambia sio wenyewe. Ni wiki hii, au ijayo."

Nikashika meza. Kwetu siku za mimba hazitangazwi. Ukiulizwa unazisogeza mbele, macho ya watu yabaki yanahesabu hewa. Hayo nilimfundisha mimi, siku ileile aliponipa habari, nikiinyooshea simu kidole kama vile ananiona.

"Hata mimi?"

"Ulisema mtu yeyote, mama. Halafu ukijua wewe, baba atajua. Baba akijua, Kizota nzima imejua."

Nikamwambia dada aiachie ile ya Uholanzi, anitafutie ya moja kwa moja hadi kwa binti, ya siku yoyote iliyo karibu. Akatafuta. Ya kwanza imejaa. Ya pili inalaza watu njiani. Mume wangu hakutania tena; alisimama nyuma ya kiti changu akihema kama ndiye mwenye mimba. Adhana ilikuwa imeshaanza dada aliposema kuna kiti kimoja, kesho jioni kutoka Dar. Tukiwahi treni ya umeme ya asubuhi, tutafika.

Mdogo wangu nilimwambia kambi imeahirishwa; sababu sikutaja. Jirani alipoona nimeanika begi uani akauliza safari ni lini. Nikamjibu bado sana, labda mwezi ujao.

Njia nzima sikulala. Kila ndege ilipotikisika nilimwona binti peke yake na yule mkwe, wote wawili hawajui kukoroga uji.

Mlango aliufungua mwenyewe, tumbo limemtangulia. Nilimshika mikono yote miwili kabla sijaitikia shikamoo yake. Nilipouliza daktari amesemaje, alimtazama mumewe kwanza, kisha akasema bado, labda wiki ijayo.

Nikatikisa kichwa kukubali. Viatu nilivivua mlangoni, ila niliviacha vimeelekea nje, tayari kwa safari ya hospitali, na kanga ya mtoto sikuitoa kwenye mkoba.