Tenga la Mwisho la Gobnait

Mkitaka kujua Gobnait ni mtu wa namna gani, msiniulize umri wake. Tazameni ule mgongo. Mgongo ule umebeba shamba zima.

Ireland yote ina majani mabichi, sisi wa kijiji cha Carraig tukapewa jabali na upepo wa kulisugua. Hapa anayetaka viazi hujitengenezea ardhi: tenga la mwani, tenga la mchanga, tena la mwani, haba na haba, mwaka hadi mwaka, mpaka uoze uwe mweusi. Ndiyo maana mtu wa kwetu atakupa hata mbuzi, lakini udongo hauombwi wala haukopeshwi. Siku ya maziko tu ndipo kila nyumba hutoa tenga moja, kwa kuwa hata makaburini ni mwamba mtupu.

Gobnait alifiwa na mume angali kijana, akalijenga shamba lake peke yake, kando ya bahari. Binti yake, Sorcha, yuko Boston, na kila Krismasi humsihi ahamie kwake. Mwisho Gobnait akamwahidi: "Mwaka nitakaokosa viazi, nitakuja." Kiburi tu, maana hakuwahi kukosa.

Mwezi wa pili bahari ya tufani ikaruka ukuta wa shamba lake. Tulipofika, shamba la maisha yake lilikuwa jabali jeupe, limeoshwa kama sahani. Pembeni, nyuma ya jiwe, palisalia udongo wa tenga moja. Nililia, jamani. Yeye alipiga magoti akaukusanya kwa viganja.

Wiki hiyohiyo akafa mzee Colman. Huyo na Gobnait walinuniana miaka na miaka kwa ajili ya mwani wa mwamba mmoja. Hata kanisani hawakupeana mkono.

"Wewe baki nyumbani, shoga," nikamwambia. "Hakuna atakayekulaumu."

"Nani kakuuliza?"

Akaja, tenga mgongoni, kalifunika kwa shali. Watu wakampisha. Macdara, mtoto wa marehemu, akamshika mkono.

"Mama Gobnait, usifanye hivyo. Huo si ndio uliobaki?"

"Hebu niondokee! Unataka baba yako alale na upepo?"

Akaumwaga wote, akakung'uta tenga. Kisha akainama kaburini: "Haya, Colman, lala. Na mwani wa ule mwamba sasa ni wangu."

Watu wakaangua kicheko, padri wa kwanza. Nimeiona bahari ikipanda juu ya mapaa, lakini jambo kubwa kama lile sijaliona.

Kesho yake naamka, mume wangu hayupo, tenga letu halipo. Nikatoka mbio. Barabarani watu walikuwa wamefuatana nyumba kwa nyumba, migongo imeinama, wanaelekea baharini, Macdara akiwa mbele. Hakuna aliyefiwa siku ile. Hakuna aliyeomba.

Gobnait alisimama kwenye ukuta wake, machozi yakimtiririka, huku akichambua kila tenga kwa mkono.

"Wewe Macdara! Huu ni udongo au kokoto? Baba yako angeona haya!"

Mwezi wa saba Sorcha, aliyesikia habari za tufani, alipiga simu kuuliza mama anakuja lini. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

"Siwezi, mwanangu," Gobnait akasema. "Viazi vimechanua."