Jiko la Vasumati Halikaguliwi

Tangu alipoolewa mpaka maiti ya mumewe ilipochomwa kando ya mto Tapi, Vasumati alipika chakula kile kile. Mchana dengu, wali, chapati na mboga moja. Jioni, kabla jua halijazama, mseto wa choroko na kijiko cha samli juu. Marehemu Jaswantlal hakuwa mtu mbaya, mradi sahani yake isimshangaze. Siku moja Vasumati alithubutu kutia majani ya mlimau kwenye dengu. Mume akaonja, akaondoa mkono sahanini, akauliza, "Nani kafa?" Vasumati alicheka mbele yake, kisha akaenda jikoni akalia. Asidhani mtu kwamba alilia kwa woga. Alilia kwa hasira, na hasira hiyo aliitunza vizuri kama wengine wanavyotunza dhahabu.

Mume alipoondoka, mtaa mzima wa Gopipura ulijua mjane anavyopaswa kuwa. Avae rangi zilizofifia, ashike tasbihi, ale vya kuchemsha, na jiko amwachie mkamwana. Vasumati alivaa rangi zilizofifia. Tasbihi akashika. Lakini jiko? Thubutu! Mwaka haujaisha, mama huyu wa miaka sitini na ushee alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la chumvi, anamtazama mwanamke wa Meksiko akikanda unga wa mahindi. Neno hata moja hakuelewa. Mikono alielewa, na uso wa yule mwanamke alipoonja alielewa zaidi.

Basi akaanza. Akapika maharage ya Meksiko, mwanawe Nimesh akatokwa na jasho mpaka masikioni na bado akaomba tena. Akapika mchuzi wa nazi wa Siam. Akapika kabichi ya pilipili ya Wakorea, ile ambayo wao huiacha ichache wiki nzima. Na kwa kuwa nyumbani kwake chakula hakilali, ya kwake ilitengenezwa asubuhi ikaisha kabla ya magharibi. Supu moja ya Kijapani iliharibika kabisa, ikanuka kama ndoo ya kupigia deki. Aliimaliza peke yake, bakuli zima, kwa ukaidi tu.

Na yote hayo bila mzizi wowote. Nyumba za Wajaini kama yake, ambao dini yao inakataza kudhuru kiumbe chochote, hazili kilichochimbwa ardhini, kwani kung'oa mzizi ni kuua vijidudu visivyo na idadi. Kwa hiyo hakuna kiazi, hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu wala karoti. Uyoga hapana, yai ndiyo kabisa usilitaje. Watu wengine wangeona hiyo ni kamba shingoni. Vasumati aliiona ni mchezo, na yeye hakupenda kushindwa. Pa kitunguu saumu alitia mvuje uliokaangwa katika samli, pa kiazi alitia ndizi mbichi, na sheria hakuivunja hata kwa ncha ya kisu. Jumapili wanawake wa jengo lile walipanda ngazi kuja kuonja. Walicheka, walisengenya, walilamba vidole. Hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo, na hakuona aibu kusema hivyo.

Jumapili moja ya majira ya baridi alipika chakula cha Wafaransa wa milimani. Wao hukata viazi vipande vyembamba kama karatasi, wakavilaza tabaka kwa tabaka na maziwa mazito na jibini, wakavioka. Yeye alivilaza vya ndizi. Mkamwana wake Kruti alikuwa kwao Navsari, kwa hiyo alimenya na kukata peke yake. Siku hiyo alikuja pia wifi yake Taru, dada mkubwa wa marehemu, kutoka ng'ambo ya mto. Tangu Jaswantlal afe, neno la Taru ndilo lililokuwa zito kuliko yote katika ukoo, na mwenyewe alilijua uzito wake.

Taru alitia tonge la kwanza. Akatafuna, akasita, macho yakamtoka.

"Vasu! Hiki ni kiazi!"

"Ndizi mbichi hiyo, wifi."

"Usinifanye mtoto! Kiazi hiki, na kitunguu saumu juu!"

"Ni mvuje."

"Mvuje gani unakuwa hivi? Umetulisha mizizi, Vasu! Ndugu yangu majivu yake hayajapoa, na nyumbani kwake tunalishwa mizizi!"

Sebule ikachafuka. Mmoja alikimbilia kwenye sinki kusukutua. Jirani wa ghorofa ya pili, Ilaben, ambaye alikuwa ameshamaliza sahani yake na anatazama ya mwenzake, akashika kifua. "Na mimi nilihisi," alisema. "Nilikitambua mara moja, nikaona haya tu kusema."

Habari ilishuka ngazi kwa kasi kuliko wao. Gopipura, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hata ukiwa huna kitu unatia kijiko cha sukari. Wiki ile vyombo vya Vasumati vilirudi vimeoshwa vikakauka, bila hata punje. Alivipokea mlangoni kimoja kimoja, akasema ahsante kwa sauti kubwa ili ngazi nzima isikie. Nyuma ya milango watu wakaambiana kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Kisha Taru akampigia simu Nimesh. Jumapili atakuja na mashahidi. Kabati zitafunguliwa, kapu la taka litapekuliwa. Vasumati akikataa, basi jiko atakabidhiwa Kruti, sufuria zote zitanunuliwa upya, na mjane atakula atakachopakuliwa.

Nimesh alikuwa kijana mzuri, lakini mbele ya shangazi yake mifupa yote ilimwisha.

"Mama, si umfungulie tu hizo kabati yaishe?"

"Yaishe nini?"

"Maneno."

"Maneno ya shangazi yako hayakai kabatini, Nimesh."

"Lakini huna cha kuficha!"

"Ndiyo maana sifungui. Mimi nimelisha ukoo huu tangu wewe hujazaliwa. Leo nikifungua kabati, kesho nitapanuliwa mdomo nikaguliwe meno kama mbuzi wa mnada. Nilisema ni ndizi. Nimesema mara moja, inatosha."

"Jiko atapewa Kruti, Mama."

"Mimi silitaki!" Kruti alidakia kutoka mlangoni. "Mimi hata mseto naunguza! Mnataka niue watu?"

Vasumati alicheka, lakini moyoni aliogopa. Aliogopa sana. Alimjua Taru, alimjua na Nimesh. Akinyang'anywa jiko angebaki na kona ya sebule na tasbihi, akisubiri sahani ya mtu mwingine, na hiyo miaka yote ya dengu ingekuwa imeliwa bure. Hata hivyo kila alipofikiria mkono wa Taru ukipekua makopo yake, damu ilimchemka, na woga ukakosa pa kukaa.

Jumapili ilipofika aliamka akanunua ndizi mbichi, akazimenya, na maganda akayapeleka mwenyewe kwenye gari la taka kabla halijaondoka. Alifanya makusudi. Hakutaka mtu aje kuokota ushahidi kapuni kisha amtangaze kuwa hana hatia.

"Mama," Kruti alimnong'oneza alipoona maziwa na jibini, "si ungepika kitu kingine leo? Hata Wakorea?"

"Leo ni leo, mwanangu. Washa oveni."

Walifika alasiri. Taru mbele, Ilaben na mwenzake mmoja nyuma yake. Halafu, bila kualikwa na yeyote, akaingia Bi Champa wa chini, akipumua kwa nguvu, fimbo mkononi. Huyu ndiye aliyekuwa kipimo cha jengo zima. Maji hakunywa ila yaliyochemshwa, na mahali pa kukaa alipapangusa kwanza asije akakalia sisimizi. Kikongwe huyo akila kwako, umekuwa safi. Akikataa, ufunge mlango. Nimesh alimpa kiti na kusimama nyuma yake kama mtu anayejificha.

Chakula kilikuwa mezani, bado kinatokota pembeni. Nje, jua lilikuwa limefika kwenye matangi ya maji ya nyumba ya mbele.

"Fungua kabati," Taru alisema.

"Kabati langu lina vyombo vyangu. Karibuni kula."

"Nani ale kiazi?"

"Nani kakwambia ni kiazi?"

"Ulimi wangu! Unadhani sijui? Ule ulaini wake, ule ungaunga unaoganda juu mdomoni, halafu kautamu kanakuja nyuma, kwa mbali, ukishameza! Ndizi haifanyi vile! Unadanganya nani, Vasu?"

Vasumati alifungua kinywa kumjibu ovyo, akaghairi. Hakuwa amepanga lolote. Alikuwa amesikia tu, kama mpishi anavyosikia mapishi, na alikuwa amevutiwa.

"Kumbe ndivyo kilivyo," alisema polepole. "Mimi sijawahi kukionja, wifi. Napika kwa kubahatisha, natazama nyuso za watu kwenye simu. Nimepatia au nimekosa, sijui. Wewe umejuaje?"

Bi Champa akageuza shingo yake taratibu, akamtazama Taru.

"Na wewe, Ilaben? Si ulikitambua mara moja?"

"Mimi? Mimi nilisikia watu wanasema, Bi Champa. Mimi hata pua nina mafua!"

Kruti aliangua kicheko, akajiziba na upande wa nguo yake. Vasumati hakucheka. Angeweza kummaliza wifi yake hapo hapo, na shetani alimsukuma afanye hivyo. Neno moja tu, na mama mkubwa wa ukoo angeshuka zile ngazi akiwa kichekesho cha Gopipura.

"Vasu," Bi Champa alisema, "mimi nina njaa, na baada ya jua sili mpaka kesho. Niambie mwenyewe. Nini hiki?"

"Nilishasema wiki iliyopita, Bi Champa. Sirudii."

"Mkaidi we!"

"Ndiyo."

"Basi mimi siwezi kula kwa ajili ya ukaidi wako. Mzizi haujapita kooni mwangu tangu nizaliwe, na ulimi wa kuutambua sina. Humu ndani mwenye ulimi huo ni mmoja." Akanyoosha fimbo. "Taru. Onja, useme."

Hapo kila mtu alielewa. Taru akisema ni kiazi, Vasumati kwisha. Akisema hajui, atatoka salama yeye, na shaka ibaki imeganda kwenye sufuria za mwenzake milele. Vasumati alipakua, akaisukuma sahani mbele ya wifi yake.

"Kula au usile, shauri yako," alisema. "Lakini useme utakalosema, katika jiko hili sitoki. Mtanibeba nalo."

Taru alikaa. Alilitazama tonge kwa muda, akalitia mdomoni, akafumba macho. Alitafuna taratibu kuliko ile siku ya kwanza. Akatia la pili ambalo hakuna aliyemwomba atie. Alipofumbua macho yalikuwa na maji.

"Si kiazi," alisema. "Kinafanana, lakini sicho. Kiazi nakijua." Akameza. "Ndugu yangu... baba yako, Nimesh, namsema baba yako, ndiye aliyeninunulia. Stesheni, kabla hajaoa. Vile vya kukaanga vya moto, kwenye kipande cha gazeti. Tulijibanza nyuma ya mabehewa tukala wawili. Jumapili ile nilipotia tonge mdomoni nilimwona yeye. Nikaogopa, nikapiga kelele."

"Jaswantlal?" Vasumati aliuliza. "Jaswantlal wangu mimi?"

"Jaswant. Alilamba mpaka gazeti. Kila tukiwa peke yetu alikuwa akinikumbusha, hata alipokuwa akiumwa."

Vasumati alibaki amesimama na mwiko mkononi. Hasira ilimpanda, na safari hii haikuwa ya wifi yake. Mtu yule alikaa mbele yake miaka nenda miaka rudi, anakula mseto kwa uso wa mtawa, na tumboni amebeba hamu ya kitu cha moto na kitamu. Na yeye jikoni, hatua tatu tu kutoka hapo, amebeba yake. Angesema tu. Neno moja. Ndizi mbichi zilikuwepo sokoni hata wakati ule.

"Mjinga yule," alisema kwa sauti, mbele ya dada wa marehemu na mbele ya majirani. "Mjinga mkubwa!"

Hakuna aliyemkemea. Bi Champa alikuwa ameshavuta sahani yake. Vasumati alijifuta uso kwa kiganja, akaketi kando ya Taru, na kwa mara ya kwanza siku ile akajipakulia na yeye, akala.