Droni Juu ya Ua Wangu

Leo nimefutisha kitu, na tangu adhuhuri sijakaa chini.

Mnajua mwanangu Mwanaidi kafiwa na mume, yuko eda, mwezi wa pili huu. Wanaume wa nje hawamwoni. Ukuta wa ua tumeuongezea na maturubai.

Kumbe juu hatukuziba.

Nasikia mvumo kama wa nyuki. Droni hiyo, juu ya ua wangu, hapahapa Vingunguti.

Nikatoka na mwiko mkononi. Mtaa wa pili nikawakuta vijana wa tangazo la kampuni ya rangi.

"Shikamoo bibi. Tunapiga tangazo la matumaini."

"Marahaba. Matumaini ndo mnayatafuta uani kwangu? Mwanangu yuko eda. Futeni."

Mkubwa wao akaniinamishia kioo cha droni yao. "Bibi, tazama kwanza. Leo yote hatujapata picha nzuri kama hii."

Nikatazama. Jogoo wetu anakurupushwa na droni, anaruka, anatumbukia kwenye beseni la unga. Na Mwanaidi anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu.

Jamani, tangu tuzike sijamwona hata jino.

Kijana akaniuliza taratibu, "Tufute, bibi?"

Nikasema futa. Akafuta mbele yangu.

Nimerudi, namkuta Mwanaidi kajiinamia kama jana.

Kufuta sijutii, eda ni eda. Ila natoka, naingia, natazama juu.

Beseni nimelijaza unga tena, nimeliweka palepale. Anayejua namna ya kumkurupusha jogoo bila droni aniambie.