Behewa Lililopimwa kwa Kidevu cha Ayeeyo

Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda Mombasa, na kitu cha kwanza nilichofanya, hata kabla ya kuketi, ni kujaribu kuinua kimeza cha dirishani. Hakikuinuka. Nikakivuta kwa nguvu, nikakipapasa chini, mpaka mama mmoja aliyeketi mkabala nami pamoja na bintiye mdogo akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta beseni la kunawia. Alinitazama vizuri, kisha akamsogeza mtoto wake karibu naye kidogo. Simlaumu.

Lakini wewe, rafiki yangu, nitakueleza, kwa kuwa hadithi hii haina mwisho mbaya na nimeibeba muda mrefu.

Mimi ni mtoto wa Galbet, Garissa. Kwetu hakukuwa na reli, na mpaka leo haipo. Mtu akisafiri kwenda Nairobi tulisema amekwenda Kenya, na akirudi tulimuuliza habari za Kenya, utadhani sisi tuko ng'ambo. Katika miaka ya tisini nilipokuwa darasa la sita, tulijua ngamia, tulijua mikokoteni ya punda ya maji, tulijua malori ya Wajir yanayolala Habaswein yakikwama. Treni tulikuwa tumeiona kwenye picha ya kitabu, nayo ilikuwa imechanika katikati.

Isipokuwa mimi, niliyekuwa na ayeeyo. Hivyo ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Ayeeyo alikuwa amepanda treni utotoni, baba yake alipouza ng'ombe wengi na kumchukua kutoka Nairobi kwenda Mombasa kumwona shangazi. Alinisimulia safari hiyo nikiwa nageuza anjera, chapati zetu za maji, kwenye bamba la moto, na mara nyingi anjera iliungua. Alikumbuka ushoroba mrefu, viti vinavyogeuka vitanda, na zaidi ya yote kile kimeza cha dirishani. Ukikiinua, chini yake kuna beseni linalong'aa, na juu ya beseni kuna bomba. Baba yake alitawadha palepale, treni ikikimbia, akaswali amekaa.

Majirani walimcheka. "Nyumba inakimbia, na ndani kuna bomba! Ayeeyo, hapa Galbet nyumba zimetulia na maji hakuna." Yeye aliendelea kunywa chai yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikibisha kwa niaba yake, mpaka sauti inakauka.

Basi mwalimu wa darasa alipotangaza kwamba siku ya wazazi kila darasa litatengeneza chombo kimoja cha usafiri, na kwamba darasa la sita litatengeneza behewa la abiria, la mbao, kubwa, la kuonekana hata na walio nyuma, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Ayeeyo wangu amepanda. Ayeeyo wangu anajua kila kitu. Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba treni amewahi kuiona kwa mbali tu, ikipita. Jioni hiyohiyo akaja nyumbani kuomba msaada, na ayeeyo akamkaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia yenye tangawizi nyingi, amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona.

Jirani yetu fundi mbao alitoka Kitui. Alitengeneza vitanda, milango, na loho, vibao vya kuandikia, za watoto wa chuo cha Kurani. Kila alasiri nilitumwa kwake kuokota maranda ya kuwashia jiko, kwa hivyo karakana yake niliijua kwa pua: mbao mbichi, gundi inayochemka kwenye mkebe, jasho. Alitoa mabaki ya vitanda na masanduku ya majani ya chai, akasema kazi ya mbao ni yake, lakini vipimo tumletee.

Vipimo alikuwa navyo ayeeyo, mwilini mwake.

"Mama, dirisha ilikuwa juu kiasi gani?" fundi aliuliza.

"Dirisha ilinifika haba, kwa kidefu," ayeeyo akajibu na kujigusa kidevu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na herufi nyingine zilimshinda.

Mimi nikashika ncha ya kamba kidevuni pake, fundi akachuchumaa na kuibana chini kwa kidole, kwa heshima, bila kumgusa. Akafunga fundo. Kisha akaikunja kamba mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na urefu uliobaki ndio ukawa kimo cha dirisha letu. Kiti kilimfika mapajani: kamba, fundo, kunja mara tatu. Ngazi ya kupandia ilimfika gotini. Ushoroba ulikuwa hatua arobaini, naye akazitembea uani, taratibu, shali yake ya garbasaar ikipepea, na sisi watoto tukihesabu kwa sauti.

"Mama, hii ni behewa ama ni barabara?" fundi alilalamika alipoona urefu wake hata baada ya kuikunja kamba.

"Ni kubwa, wallahi. Kata mbao."

Tulijenga kwa wiki tatu. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya mikebe ya maziwa ya unga. Tulisugua mbao kwa msasa mpaka vidole vikawaka, tukapaka rangi ya damu ya mzee na ya maziwa kama alivyotuagiza. Kimeza cha dirishani fundi alikitia bawaba ndogo kiinuke. Beseni alilitengeneza ayeeyo mwenyewe, kwa kifuniko cha mkebe wa rangi ya viatu, akakisugua kwa majivu siku mbili. Alipokibandika mahali pake alikaa nyuma akakitazama, na midomo yake ikawa inacheka peke yake.

Siku mbili kabla ya sherehe tukafinyanga abiria kwa udongo wa mto Tana. Kimo chao tulikipima vilevile, kwa kamba ya urefu wa ayeeyo iliyokunjwa mara tatu. Walipokauka kidogo tukawaketisha. Darasa zima likaangua kicheko. Hakuna hata abiria mmoja aliyeweza kuona nje. Madirisha yalikuwa juu ya vichwa vyao, miguu inaning'inia. Mtu mmoja akasema ni behewa la majitu, na jina likashika papo hapo. Fundi aliapa kwamba kamba yake haina kosa. Mwalimu akajikuna kichwa. Mimi, niliyebisha miaka yote, ndipo shaka ikaniingia kwa mara ya kwanza: pengine ayeeyo hakupanda treni yoyote.

Kesho yake mwalimu akatuambia mgeni wa heshima ni mkaguzi mpya wa elimu, mtu wa Voi, aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli na ambaye baba yake alifanya kazi ndani ya treni maisha yake yote. Wenzangu walipiga makofi. Mimi anjera ilinishinda jioni hiyo. Ayeeyo alikuwa ameshonesha diraa mpya na ameahidiwa kiti cha mbele. Mtu wa reli akicheka, Galbet yote itacheka, na ayeeyo ataitwa mwongo mpaka kaburini, na aliyemfikisha hapo ni mimi na domo langu.

Sikuweza kubadilisha madirisha. Lakini lile beseni, ambalo kila mtu alilicheka zaidi, nililimudu. Asubuhi ya sherehe, behewa likiwa juu ya mkokoteni wa punda, limechomoza mbele na nyuma, niliinua kimeza, nikakibandua kifuniko na kukitia mfukoni mwa sare. Nilijiambia namkinga. Kusema kweli nilikuwa nimeacha kumwamini.

Mkaguzi alikuja na suti na miwani. Alipita kwenye mashua ya darasa la tano na ndege ya darasa la saba, akafika kwetu, akasimama. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, na suti yake yote, akachungulia ndani. Akamtoa abiria mmoja wa udongo, akamgeuzageuza.

"Vipimo hivi mmevipata kwa nani?"

Darasa zima likanitazama mimi. Mimi nikamtazama ayeeyo. Mkaguzi akafuata macho yangu.

"Mama, shikamoo. Ulipopanda treni ulikuwa wa umri gani?"

Ayeeyo akashusha kiganja mpaka karibu na kiuno chake. "Mimi ilikuwa kadogo. Meno ya mbele ilikuwa imeng'oka."

Mkaguzi akacheka, lakini si kile kicheko nilichokiogopa. Akamgeukia mwalimu. "Behewa liko sawa kabisa. Abiria ndio wamekuwa wadogo mno. Mama aliipima treni kwa mwili wa mtoto, nanyi mkamrudishia vipimo hivyo kwa mwili wa mtu mzima. Kila kitu kimekua pamoja." Akanyanyuka, akajipangusa magoti. "Mimi pia nikiwa mtoto dirisha lilinifika hapa." Akajigusa kidevu.

Nilipumua. Nadhani sikuwa nimepumua tangu asubuhi.

"Ila mmesahau kitu kimoja," akaendelea, na kwa kidole kimoja akainua kile kimeza. "Beseni liko wapi? Hapa chini kulikuwa na beseni la kunawia. Mabeseni hayo baba yangu alikuwa akiyasugua."

Watu wakaguna. Ayeeyo akasimama, diraa mpya na yote. "Mimi ilisema! Mimi iliweka!"

Nikatia mkono mfukoni. Nilikitoa kile kifuniko, kinang'aa, nikampa mkaguzi, nikasema kiliteleza njiani. Katika mkutano ule mwongo alikuwa mmoja, naye hakuwa bibi yangu. Lakini wanawake wa Galbet walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele, majirani walewale wakigombania kumshika ayeeyo mkono, na faraja niliyoipata ilinifanya nilie mbele za watu bila haya.

Nilimwambia ukweli Ijumaa iliyofuata, nikiwasha jiko kwa maranda. Nilitegemea kofi. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hata mama yangu hakuniamini," akasema kwa Kisomali chetu. "Niliporudi nilimweleza beseni hilo, akaniambia nikome uongo. Nikakoma. Nilinyamaza mpaka nikawa bibi, maana bibi akisema uongo watu husema tu amesahau."

Behewa liliwekwa stoo ya shule, mchwa wakalimaliza kuanzia ngazini. Fundi alirudi Kitui. Kile kifuniko nilikitunza mpaka tulipohama, kikapotea na vyombo. Ayeeyo tulimzika Garissa, na sauti yake ikisema "kidefu" sijaisikia kwa mtu mwingine.

Haya yote nilimsimulia yule mama kwenye treni, na yule binti, aliyekuwa na pengo mbele ya mdomo, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamnong'oneza mama yake, kwa sauti ya kusikika na behewa zima, kama kweli treni inaweza kuwa na beseni. Mama yake aliona haya. Mimi sikukasirika. Sikuwa na kifuniko cha kutoa mfukoni, basi nikamwomba binti asimame kidogo pale dirishani, anyooke vizuri, atazame nje.

Dirisha lilimfika kidevuni.