Pikipiki ya Bwana Shamba

Mwaka jana gari tulilopanda lilipata pancha Bugarama. Dereva alipokuwa anahangaika na jeki, nilikwenda kukaa kwenye kibanda cha mafundi wa bodaboda. Kijana mmoja alikuwa ameloweka nati kwenye dumu lililokatwa, anazisugua kwa mswaki mkuukuu. Harufu ya mafuta ya taa na kutu ilinipanda puani, nikajikuta nimeshikilia benchi kwa mikono miwili. Kijana akaniuliza, "Mama, unajisikia vibaya?" Nikamwambia hapana. Ningemweleza nini? Hata wewe msomaji wangu, ambaye sina haraka nawe, nakueleza mambo ambayo mimi mwenyewe mpaka leo hayajanikaa sawa.

Nilikuwa darasa la pili, miaka ya sabini, tukiishi kijiji kisicho mbali na hapo. Mgodi wa dhahabu ulikuwa haujaja. Palikuwa na pamba, mtama na ng'ombe. Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha kuchambua pamba. Rafiki yake mkubwa alikuwa bwana shamba wa eneo letu, mtu mrefu mwenye pikipiki ya Kiingereza iliyonizidi umri, yenye tangi jeusi. Tulimsikia kabla hatujamwona. Akifika alinipandisha juu ya tangi na kunizungusha uani mara mbili, mama akisema, "Mtaniulia mtoto," huku anacheka.

Kisha likaja juma ambalo baba hakurudi nyumbani. Aliporudi, mkono wake wa kushoto ulikuwa na plasta, na alikaa barazani kama mgeni. Bwana shamba naye hakuonekana tena. Nilipouliza, mama aliniambia, "Amehamishwa." Neno hilo nilikuwa nalijua, maana hata walimu wetu walihamishwa. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini mtu akihamishwa mama ajifunike kanga usoni.

Plasta ilipotolewa, mkokoteni wa ng'ombe ukaileta pikipiki ile kwetu. Usukani ulikuwa umepinda, tangi limebonyea, taa ya mbele haipo, na vipande vingine vimo ndani ya magunia mawili. Baba hakuipeleka ghalani. Aliiingiza sebuleni. Mama alitoa viti vyake, akavipanga barazani, na kwa zaidi ya mwaka mzima sisi tulikula nje.

Mimi nilifurahi. Nilijiambia kwamba baba anamtengenezea rafiki yake, na siku ikipona, bwana shamba atakuja kuichukua kutoka huko alikohamishiwa. Basi kila baada ya shule nilikaa chini pamoja na baba, kati yetu sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, nasi tunatafuna huku tunasugua kutu kwa mchanga na majivu. Spoki moja baada ya nyingine. Baba alinifundisha kukaza nati kwa vidole kwanza, kabla ya spana. "Usiilazimishe," alikuwa akisema. "Ikikataa, irudishe, uanze upya." Tundu la tangi aliliziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Karatasi ngumu ya boksi la sabuni aliikata kwa wembe, akaipaka grisi, akaibana kati ya chuma na chuma ili oili isivuje.

Mama alisaidia kila kitu isipokuwa kimoja. Baba alimwomba ashone kiti, ngozi yake ilikuwa imechanika. Mama akasema, "Hicho sikishiki." Kesho yake nilimkuta nyuma ya nyumba anakichoma moto, amesimama kando na fimbo, anahakikisha hakibaki hata kipande. Nililia, maana ni ngozi tu iliyokuwa imechanika. Aliniambia niende nikachote maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Jambo la breki nalo lilinichanganya. Injini ilikuwa bado mezani, vipande vipande, lakini breki baba alikuwa amezimaliza mwezi wa kwanza. Hata hivyo kila Jumamosi alizifungua tena. Alizisugua, akazirudisha, akazungusha gurudumu kwa mkono na kulibana, akazungusha tena na kulibana tena. Siku moja nikamwuliza, "Baba, pikipiki haiwaki, breki za nini?" Aliweka spana chini, akatoka, akaenda zake mpaka kwenye mashamba ya pamba. Mama aliniambia nisile chakula cha mchana. Sikujua kosa langu.

Iliwaka alasiri moja ya kiangazi. Baba alipiga kiki mara nyingi mpaka shati likaloa, kisha ikakohoa, ikatoa moshi, ikaanza kudunda kama zamani. Majirani walitoka mbio, watoto wakarukaruka, bibi mmoja akapiga vigelegele. Baba hakutabasamu. Aliiacha iungurume kidogo, akaizima, akaenda kuoga, akavaa shati lake la kanisani. Nilidhani tunasafiri. Kumbe alikwenda tu kumtuma mtu.

Siku ya tatu alikuja mke wa bwana shamba, kwa miguu, pamoja na shemeji zake wawili. Amevaa kaniki nyeusi. Mama alipiga magoti kumwamkia, akamletea kiti. Hakukaa. Akaletewa maji. Hakunywa. Watu wazima wote walisimama kama waliosahau walichojia, nami nikasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Bwana shamba hajaja?"

Yule mama aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akaniambia, "Hajaja." Akasimama, akamgeukia baba. "Washa."

Baba akawasha. Yule mama alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Zima," akasema. "Breki zinashika?"

"Zinashika, mayu," baba alijibu, akimwita kwa heshima kama kwetu tunavyowaita akina mama.

"Siku ile hazikushika."

"Hazikushika."

"Ulijua kabla hamjapanda?"

Baba alikuwa akitazama mikono yake. "Nilijua. Nilidhani zitatufikisha."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa anakitafuta. Akawaambia shemeji zake waichukue. Baba akasema, "Mafuta yamo, tangi limejaa." Yule mama akasema, "Nimesikia." Nao wakaisukuma. Mwaka mzima na zaidi tumehangaika ili ile pikipiki itembee, nao wakaisukuma kwa mkono, imezimwa, njia ya karibu nusu siku. Niliwafuata mpaka mahali njia inapogawanyika, nikiwaambia inawaka, inawaka kabisa, mpaka mmoja wa wale wanaume akanirudisha.

Mama alikuja kuniambia kweli nilipokuwa karibu kuolewa, tukimenya karanga. Baba ndiye aliyekuwa akiendesha siku ile, bwana shamba amekaa nyuma yake. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni wakakuta ng'ombe njiani. Bwana shamba alifia palepale, na damu yake ndiyo iliyokuwa kwenye kile kiti. Nilimkasirikia mama kwa lile neno "amehamishwa". Akasema, "Ulikuwa unauliza sana. Tungekujibu nini?" Kuhusu kuisukuma, alisema wale shemeji walikuwa hawajui kuendesha, basi. Labda. Mmoja wao nilikuja kusikia alikuwa dereva wa trekta.

Baba hakutengeneza pikipiki nyingine maishani. Hakulizungumza jambo lile, na mimi nikashindwa kumwuliza, miaka ikapita hivyo, sote wawili tukiongelea mvua na bei ya pamba. Sasa pale kwetu huwezi kufika, pana uzio wa mgodi na malori makubwa, na ule mteremko umegeuka shimo ambalo kina chake sikijui. Kinu kimebaki kuta. Michembe nanunua kwa vipimo vya kopo sokoni Kahama, na haina ladha ile.

Lakini kinachonisumbua si hayo. Baba alipofariki, yule mama alikuja msibani. Mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu. Hakukaa na wageni. Aliingia jikoni, akakaa kando ya mafiga pamoja na wanawake wa ukoo, akasonga ugali siku mbili, akalala kwenye mkeka na mama yangu, wamefunikwa shuka moja. Nilimwamkia, akanijibu, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wanne. Akasema, "Vizuri." Nilikuwa natafuta namna ya kumwuliza amekuja kama nani, lakini asubuhi ya siku ya tatu nilipoamka alikuwa ameshaondoka. Nikamwuliza mama walizungumza nini usiku kucha. Mama akasema hawakuzungumza, walikuwa wamechoka, walilala.