Ndala Zikiwa Bado Mchangani

Viatu vipya vya kukimbilia vinanuka mpira uliokaa juani. Nilivinunua wiki iliyopita na bado vimo katika sanduku lake, kwa sababu sijaamua. Mji ninaoishi sasa utakuwa na maratona, kilomita arobaini na mbili kamili, na mimi, mwalimu wa darasa la tatu, nakimbia taratibu kiasi kwamba mbwa wa jirani huchoka kunibwekea kabla sijalipita geti lake. Kila nikifungua sanduku, harufu ile hunirudisha kwenye ndala mbili za buluu, na hasira ya miaka mingi hunipanda upya. Ngojeni niwaeleze, mtaelewa.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, mbele yetu. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Palma na Quionga, kaskazini mwa Msumbiji. Kila wiki lilikuja gari jipya na watu wapya. Wakapima, wakapiga picha, wakaondoka. Wakapasua barabara pana katikati ya minazi. Siku moja wakaleta habari ya furaha: kutakuwa na mbio kwenye barabara ile, kwenda hadi kwenye pipa jeupe na kurudi. Wenyewe waliziita maratona. Mwalimu wetu alitueleza kwamba maratona ya kweli ni ndefu mara nne ya hiyo, lakini nani alimsikiliza? Atakayemaliza, walisema, atapewa kamizeta, fulana mpya kabisa. Lishikeni neno hilo: atakayemaliza. Hawakusema atakayewahi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikuwahi kuvaa nguo ambayo haikuanzia mwilini mwa dada Zena, mtoto wa mama mkubwa. Zena alikimbia kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Niliposema nami nitakimbia, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe, Fatu? Ukirudi utatukuta tumeshaolewa, tuna wajukuu!"

Nikaenda kumuuliza Bibi Somoe, mama yake mama, kama nijifunze kukimbia au niache. Alikuwa akisaga msiro, ule mti wa urembo, juu ya jiwe, ajipake usoni. Hakuinua kichwa.

"Kesho bamvua," alisema. "Utakwenda nami mwambani."

Kwa msomaji asiye wa pwani: bamvua ni zile siku ambazo maji hupwa mbali kabisa, na wanawake hutembea hadi mwambani kutafuta pweza na chaza. Kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kazi. Maji yakigeuka, mgeni hukimbia, na anayekimbia huteleza kwenye mwani, akaanguka, akachubuka magoti. Bibi hakukimbia. Wala hakusimama. Alikuja na ndoo yake kichwani, maji yakimfuata visigino, kama mtu anayetoka sokoni.

"Watu husema polepole ndio mwendo," aliniambia. "Waongo. Nimeona wengi wa polepole wamesimama. Usisimame, huo ndio mwendo."

Ipo desturi nyingine ya mwambani, na hiyo ndiyo kiini cha habari yangu. Kabla ya kuingia majini, kila mwanamke huvua ndala zake na kuzipanga kwenye mchanga mkavu. Wakirudi, kila mmoja huvaa zake. Zikibaki ndala za mtu, hakuna anayekwenda nyumbani, hata kama ndoo imejaa na jua linachoma. Ndala zikiwa pale, mwenyewe yumo majini.

Basi nilijifunza kwa bamvua mbili, na katikati yake nilikwenda kuokota kuni mbali kuliko nilivyotumwa, nikirudi mbio, mzigo kichwani. Siku ya mbio nilivua ndala zangu za buluu, nikazipanga kando ya mstari kwa mazoea tu, nikasimama peku pamoja na wenzangu. Mtu mmoja mwenye filimbi akapuliza. Vumbi lilipotulia, nilikuwa peke yangu.

Sikusimama. Wenzangu walipishana nami wakirudi, Zena mbele ya wasichana wote, akinipigia kelele, "Salimia pipa!" Nikaendelea. Nilipofika kwenye pipa, vijana wawili walikuwa wakilipakia garini.

"Panda, mdogo wangu," mmoja akasema. "Mbio zimekwisha."

Nikatazama chini. Pipa lilikuwa limeacha alama ya duara kwenye mchanga. Nikaizunguka duara ile yote, nisije nikaambiwa nimeiba njia, nikageuka kurudi. Gari likanipita na pipa lake, vumbi likanijaa mdomoni.

Nilipofika, turubai halikuwepo. Meza haikuwepo. Hata kamba ya mwisho ilikuwa imekunjwa. Waliobaki ni Zena, wanawake tisa wa mwambani wameketi chini, na Bibi Somoe amesimama mbele ya gari lililokwisha kuwashwa. Mwenye filimbi alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Mama, nimekwambia, corrida imekwisha, mbio zimekwisha."

"Imekwishaje, sinyori, na ndala za mtoto hizi hapa?"

"Muda umepita."

"Muda gani? Nani alitutajia muda?"

"Mama, tuna kazi nyingine."

"Na mtoto huyo anayekuja ni kazi ya nani?"

Wote wakageuka. Mimi huyo, mwekundu kwa vumbi, napita pale palipokuwa na kamba. Mwenye filimbi alinitazama, akatazama saa yake, akasema kamizeta ni za waliowahi. Boksi lilikuwa nyuma ya gari, wazi, limebaki nusu. Nililiona kwa macho yangu. Likaondoka nao.

Nawaambia ukweli, hasira yangu siku ile haikumwangukia yeye. Ilimwangukia Bibi. Nilimwonea haya: kelele zake, wanawake wale tisa kama watu wa msibani, na Zena ndani ya fulana yake mpya akitazama chini. Bibi alinisogezea ndala. "Vaa, twende." Nikazipiga teke. Akaziokota, akazikung'uta mchanga, akazibeba mkononi mpaka nyumbani.

Miaka ikapita, ukaja wakati wa kijiji kuhamishwa kupisha gesi. Mkutanoni nilisikia tena sauti ileile, kutoka kinywani mwa mtu mwingine: mkutano umekwisha, orodha ya fidia imefungwa. Mikono ya watu ilikuwa bado juu. Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima. Nilikuwa nimejilaumu miaka yote kwa uzito wa miguu yangu, kumbe miguu ilifanya kazi yake. Mimi nilimaliza. Wao ndio walioacha mbio katikati, wakabeba na pipa. Na kijiji kizima kilikuwa na wanawake kumi tu waliojua mbio huisha lini.

Jana nilisoma masharti ya maratona hii. Baada ya saa sita za mbio barabara itafunguliwa kwa magari, na gari litapita kuwaokota waliochelewa. Nikampigia simu Bibi, ambaye sasa anaishi katika nyumba ya matofali, mbali na bahari, ndala zake zimepangwa mlangoni kama vile bado anakwenda mwambani. Nikamsomea masharti yote.

"Saa sita," alisema. "Safari hii angalau wamesema. Na wewe utachukua ngapi?"

"Saba, Bibi. Labda na zaidi."

"Hilo gari likija?"

"Sipandi."

"Basi nitumie nauli," alisema, "na siku hiyo uje na ndala mpaka kwenye mstari, viatu mkononi. Ndala zako uniachie mimi."

Nimevitoa viatu sandukuni. Kesho alfajiri naanza mazoezi.